Twita za Mjomba hazikuwa na ugonjwa

Wiki hii tuwape mapumziko wachumba na kadi za michango. Nina kesi ya spika, na usicheke, maana kesi yenyewe nusura ivunje undugu.

Mjomba wangu anakaa Upanga, kwenye zile ghorofa ambazo wazee mpaka leo wanaziita nyumba za Msajili, ingawa Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba tangu 1990. Sebuleni kwake kuna amplifaya nzito ya zamani, deki ya kaseti na spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni. Jumapili jioni ni Msondo na Sikinde mpaka taarifa ya habari. Hakuna anayegusa kitufe bila ruhusa, hata mkewe.

Huyu ndiye aliyenifumbua macho kuhusu namba. Nilipopata mshahara wa kwanza nilikimbilia Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikatoka na sabufa mpya. Boksi limeandikwa kwa herufi za kuwakawaka: PMPO wati 5,000. Nikapita nayo Upanga makusudi, mzee aone vijana tumefika. Boksi hakulitazama. Aliigeuza sabufa, akavaa miwani, akasoma kibandiko cha nyuma.

"Mjomba, hapa pameandikwa inakula umeme wati 60. Hizo 4,940 nyingine inaazima kwa jirani?"

Nilinywea. Kumbe hiyo PMPO haina kanuni moja inayokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Na hata zile wati za kweli zinazuga. Sauti ili uisikie imekuwa mara mbili, nguvu inabidi iongezeke kama mara kumi hivi. Kwa hiyo mwenye wati 100 kamzidi mwenye 50 kidogo sana, asikutambie.

Sasa ndiyo ujue kwa nini nilishangaa mzee huyohuyo alipoanza kugombana na namba za kweli.

Alianza kulalamika kuwa spika zake "zimekauka". Matoazi hayasikiki, gitaa la solo kama limevalishwa koti. Fundi wa kwanza akabadilisha twita. Wa pili akabadilisha kapasita. Wa tatu akabadilisha waya, akala hela, akapotea. Wa nne nilimleta mimi, kijana mtaratibu, kaja na kompyuta na maikrofoni ndogo ya kupimia. Akapiga mlio unaopanda kutoka chini kabisa mpaka juu, na kwenye skrini ukajichora mstari ulionyooka vizuri tu.

"Mzee wangu, samahani, spika hizi haziumwi."

Mjomba akamwita tapeli. Hata nauli hakumpa. Na mimi niliyemleta nikaambiwa nisikanyage pale mpaka nijifunze adabu. Mwezi mzima, jamani! Mama yangu akawa analia kwenye simu kwamba nimemkosanisha na kaka yake kwa ajili ya redio.

Nikabaki najiuliza: kati ya mashine ya fundi na sikio la mjomba, nani mwongo? Nikasoma, nikaulizia, na nikakuta sikio nalo lina mambo yake. Chukua redio ndogo ya betri, spika yake upana wa kisosi. Ukiipima, zile noti za chini kabisa za gitaa la besi hazimo. Lakini ukisikiliza unalifuata besi lote, mguu unapiga chini. Ubongo unasikia ile milio ya juu inayoambatana na noti, unajaza pengo wenyewe. Tena mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba ukipunguza sauti, sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Ndiyo maana amplifaya za zamani zina kile kitufe cha "Loudness", ambacho mjomba anakibonyeza usiku majirani wakilala.

Na macho yanasikia pia! Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive wa kampuni ya Harman waliwapigia wafanyakazi wa kampuni yao spika zilezile mara mbili, mara pazia limefunika, mara zinaonekana. Kulikuwa na kaseti... samahani, kaseti inanikaa mdomoni, kulikuwa na seti ndogo ya bei nafuu. Nyuma ya pazia ilipata alama safi. Ilipoonekana udogo wake, alama zikaporomoka.

Lakini usikimbilie kusema vipimo ni uongo. Olive huyohuyo mwaka 2004 alichukua vipimo vya spika 70, akatabiri alama ambazo watu wangezipa bila kuziona, akapatia kwa kiasi kikubwa. Ila masikio ya majaribio hayo ni masikio mazima. Toole, alipokuwa Kanada miaka ya 80, alikwishaona kwamba mtu aliyepungua kusikia anatoa alama za kuyumba.

Hapo ndipo nilipokumbuka kisa cha saa. Siku moja mke wa mjomba aliuliza, "Baba, iko wapi saa?" Mzee akainua kichwa darini: "Taa si hiyo hapo, huioni?" Tulicheka mpaka machozi. Yeye mama wa watu, nikimkumbuka vizuri, hakucheka.

Ni yeye aliyenipigia nirudi, na fundi nije naye. Akatandaza khanga mbili mbele ya spika, akamwita na binti wa jirani, wa miaka kumi na mitano. Fundi akakaa nyuma ya khanga. Wimbo uleule, dakika moja twita zimeungwa, dakika moja zimechomolewa. Binti hakukosea hata mara moja: "Hii imezibwa, hii imefunguka." Mjomba alisikiliza raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema zote sawa.

Fundi akatokeza na ule waya mkononi. Hakusema kitu. Hata sisi.

Wiki iliyofuata mjomba alikwenda hospitali kupimwa masikio. Wanakuvalisha hedfoni, unabonyeza kila unaposikia mlio, nao wanachora. Alirudi akaweka karatasi mbili mezani, ya fundi na ya daktari. Wa fundi ulinyooka. Wa daktari ulianza vizuri kushoto, kwenye sauti nzito, halafu ukateremka kulia kama ngazi za ghorofani kwake. Sauti za juu ndizo huanza kuondoka, daktari alimwambia, na ndimo yanamokaa matoazi na herufi kama S. Umri, alisema, na pengine zile meza za mbele DDC Kariakoo alizokalia ujanani.

Fundi kalipwa nauli, na ya juu yake. Mimi naruhusiwa sebuleni. Kile kitufe cha trebo sasa kimekunjwa mpaka mwisho, mzee anatabasamu, matoazi anasema yamerudi, na sisi wengine meno yanatuuma. Kifaa cha kuvaa sikioni bado anakikataa. Mkewe kambembeleza, mama kambembeleza. Anasema atakivaa siku nitakapomletea akisome kibandiko cha nyuma.

Nimeshaanza kukitafuta. Wiki ijayo, turudi kwa wachumba.