TAHARIRI: Ada ya Njia, na Wanaopita Chini Yake

Ilipozinduliwa rasmi barabara ya Nairobi Expressway tarehe 31 Julai 2022, wengi walishangilia, nasi hatukuwa na sababu ya kununa. Kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, zikipita juu ya nguzo katikati ya mji, na kazi yenyewe kukamilika kwa muda usiotimia miaka miwili, si jambo dogo. Mwenye haraka ya kwenda uwanja wa ndege ameondolewa dhiki, na kuondolewa mtu dhiki ni kheri.

Lakini tuliambiwa kwamba njia hiyo haikumgharimu mwananchi kitu, kwa kuwa kampuni ya Kichina ya CRBC ndiyo iliyotafuta fedha, nayo itajilipa kwa ada za magari kwa miaka 27. Hapo ndipo tunapoomba ruhusa ya kuuliza.

Mwaka 2022 gari dogo lilitozwa kati ya shilingi 120 na 360 kwa kadiri ya umbali. Januari 2024 ada ikapanda, ikawa kati ya 170 na 500. Barabara haikurefushwa hata hatua moja. Sababu iliyotolewa ni kwamba shilingi imeanguka mbele ya dola, na fedha za mradi ni za dola. Maana yake ni kwamba hatari ya kuyumba kwa sarafu haikubebwa na mwenye mtaji; imebebeshwa mpita njia, ambaye hakuwapo mkataba ulipotiwa saini na wala hakusomewa. Mwaka huohuo wa 2024 shilingi ikapata nguvu tena, kutoka kama 160 kwa dola hadi kama 130. Je, kifungu kilichopandisha ada kina uwezo wa kuishusha, au kinajua kupanda tu? Mfanyabiashara wa sokoni anayepandisha bei kwa kisingizio cha dola, kisha dola ikashuka yeye akanyamaza, jina lake tunalijua.

Tuwatazame na wa chini. Pikipiki na bajaji haziruhusiwi kupanda juu, sembuse mtu wa miguu. Na katika mji wa Nairobi kiasi cha watu wanne katika kila kumi huenda shughuli zao kwa miguu. Hawa ndio waliovumilia vumbi, matope na vivuko vilivyovunjwa wakati wa ujenzi. Tunakumbuka pia kwamba Novemba 2020 mti mkongwe wa mugumo uliokuwa katika mapito ya barabara hiyo, kando ya Waiyaki Way, uliokolewa kwa tamko la Rais. Tulifurahi. Mwaka uliofuata, Oktoba na Novemba 2021, nyumba za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha, na maelfu ya watu, wazee na watoto wachanga, wakalala nje. Kwao halikutoka tamko la kuwaokoa kabla ya matingatinga kufika.

Yote haya yangekuwa habari za jana kama jambo lenyewe halikuendelea. Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, nao utalipiwa kwa ada. Kiwango kilichotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Yaani kilomita mia, shilingi 800. Tofauti ni kubwa. Nairobi, asiyetaka kulipa hubaki chini kwenye barabara ya zamani. Huku, inayopanuliwa na kutozwa ni hiyohiyo ya zamani, anayoipita mkulima wa viazi na anayempeleka mgonjwa hospitali. Na miongoni mwa wabia wa mradi ni NSSF, yaani akiba za uzeeni za wafanyakazi, wakiwamo wengi wanaosali safu moja nasi.

Kwa hiyo hatusemi barabara zisijengwe. Tunataka mikataba yote miwili ichapishwe, kwa Kiswahili, pamoja na vifungu vya dola na vya miaka. Tunataka ioneshwe kwenye ramani ni njia gani isiyolipiwa atakayoipita asiyekuwa na kitu, na nani ataitengeneza ikiharibika. Na NSSF iwaeleze wenye akiba: magari yakipungua kuliko yaliyokadiriwa, hasara ni ya nani?

Wabunge wenu wanapita misikitini kila Ijumaa za msimu wa uchaguzi. Waulizeni maswali haya wangali wamevua viatu.