Kipande Nacho Kina Babu

Nilipofikisha miaka 18 niliulizwa babu yangu alizaliwa wapi. Aliyeuliza si mkwe wala posa haikuwepo. Ni karani wa serikali, fomu mezani, kalamu imefungwa kwa uzi isije ikaibiwa. Nyanya, aliyenisindikiza, akaanza kutaja: fulani bin fulani bin fulani, majina saba bila kukwama. Karani akamkata, "Mama, mimi nataka karatasi."

Hasira ile niliingia nayo chuoni. Huko nikafundishwa kuwa nasaba ni mbinu ya utafiti pia. Nietzsche aliifanyia maadili mwaka 1887, Foucault akaifanyia jela mwaka 1975. Unachukua kitu ambacho watu wanakiona cha kawaida, kana kwamba kimekuwepo tangu Adamu, unakifuata nyuma: kiliundwa lini, kwa faida ya nani, nani aliumia. Nikasema hii ndiyo! Nitaandika nasaba ya kitambulisho.

Wa falsafa wakaniambia hiyo ni historia. Wa historia wakaniambia hiyo ni nadharia, nenda falsafa. Kila idara ina nasaba yake imeifungia kwa droo. Wa isimu wanachora mti wa lugha, Kiswahili na Kimijikenda matawi jirani. Wa jenetiki wanapima mifupa: mwaka 2023 walichapisha utafiti wa watu 80 waliozikwa pwani yetu kale, wakakuta asili ya Kiafrika imetoka zaidi kwa kina mama na ya Kiajemi kwa kina baba. Wasee mtandaoni wakarukia Uajemi, kina mama wakaachwa kaburini. (Mwaka wa tatu niliacha chuo. Ni karo, nisijifanye shujaa.)

Basi wacha niifanye hapa, bure.

Alama ya kidole kwanza. Mwaka 1858 huko Bengal, afisa Mwingereza, William Herschel, alimfanya mkandarasi mmoja Mhindi apige chapa ya kiganja kwenye mkataba ili asije akaukana. Baadaye polisi wa huko huko wakaigeuza kuwa mfumo, na kufikia 1901 ulikuwa London. Kenya, sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa 1915, ikaanza kukaza baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kijisanduku cha chuma, shingoni. Ukitoroka shamba la mzungu, karatasi inakusema. Harry Thuku aliipinga, akakamatwa, na Machi 1922 waliokwenda kudai aachiliwe walipigwa risasi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao. Mwaka 1947 sheria mpya ikaandikisha watu wa rangi zote. Wanawake waliingizwa miaka mingi baada ya Uhuru.

Na jina lake? Kipande. Polisi akikusimamisha leo usiku bado anakwambia, "Leta kipande."

Najua mtasema kila nchi ina vitambulisho, kwani shida iko wapi. Sawa. Nietzsche mwenyewe alionya kuwa kitu kilivyozaliwa si lazima kiwe ndicho kinachofanya kazi leo. Mimi nauliza kimebaki nini. Kimebaki hiki: wewe ni mshukiwa mpaka karatasi ikutetee. Muulize Mnubi wa Kibra, ambaye babu yake aliletwa na Waingereza wenyewe kama askari, halafu mjukuu akapigwa msasa kama mgeni. Muulize Msomali wa Garissa. Februari 2025 Rais alitia saini huko Wajir kuondoa msasa huo, tukashangilia. Lakini kilichofutwa kwa saini kinarudishwa kwa saini, na sijaona idara iliyokaa chini kueleza lile swali la babu liliingiaje kwenye fomu.

Kwa hiyo wahadhiri, na heshima zenu, Jumba la Nyaraka za Taifa liko pale Moi Avenue, matatu zinapiga honi mlangoni. Yule wa historia ampitie yule wa jenetiki, wambebe na wa isimu. Serikali imeshachimba ukoo wangu hadi kwa babu. Nendeni mkachimbe wake.

Nyanya alifariki mwaka jana. Yale majina saba nimeyaandika. Karatasi ya babu hatukuipata kamwe. Kitambulisho nilipewa baada ya miezi kumi na moja, na jina lake wamelikosea.