Je, Kulikuwa na Faida Kuiteka Bukini?

Wachumaji wa chai wa Litein wanajua vema kwamba chai yao hupita Mombasa kabla ya kuvuka bahari. Kwa hiyo si vigumu kwao kufahamu kwa nini mwaka 1942 wakuu wa vita wa Waingereza waliitazama bandari ya Kilindini kwa wasiwasi mwingi. Singapore ilianguka mwezi wa Februari. Mwezi wa Aprili Wajapani waliishambulia Ceylon, wakaizamisha manowari Hermes, na manowari nyingi za Waingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini. Upande wa kusini kilikuwako kisiwa cha Madagascar, ambacho watu wa pwani tangu kale walikiita Bukini, nacho kilitawaliwa na Wafaransa waliotii serikali ya Vichy. Wafaransa hao walikwisha waachia Wajapani njia katika Indochina. Nani angeweza kuapa kwamba hawatawaachia bandari ya Diego Suarez?

Tarehe 5 Mei 1942 Waingereza walishuka karibu na bandari hiyo, na siku ya tatu ikawa yao. Watu wao wapatao mia moja waliuawa. Hata hivyo ni vigumu kuilaumu kazi hiyo, maana usiku wa tarehe 30 Mei manowari ndogo ya Kijapani iendayo chini ya maji iliingia bandarini humo, ikaiumiza manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Adui aliyedhaniwa yuko mbali alikuwa mlangoni.

Sehemu ya pili ni jambo jingine, nayo ndiyo iliyowapasa Waafrika hasa. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yaani askari wa K.A.R. kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland, ilipelekwa kukiteka kisiwa kizima. Majeshi yalishuka Majunga tarehe 10 Septemba, yakaingia Tananarive tarehe 23, kisha yakaendelea kusini. Wafaransa walivunja madaraja, wakaangusha miti na kujenga kuta za mawe barabarani, hata askari wakawa mafundi wa kufungua njia kuliko wapiganaji. Gavana Annet alikubali kuacha vita tarehe 6 Novemba.

Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alikuwa ameshauri kwamba kuacha Majunga na Tamatave ni kufunga mlango nusu. Lakini Wajapani walikwisha pigwa sana huko Midway mwezi wa Juni. Tena manowari zao zilizozamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji, mwezi wa Juni na Julai, zilipata mafuta na chakula kutoka meli zao wenyewe, si katika bandari za Bukini. Wala bahari haikuwa salama baadaye: Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na manowari ya Kijapani, wakafa watu zaidi ya 1,200, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Basi, Diego Suarez ilistahili gharama yake; safari ndefu ya kusini haikuistahili sana, ila iliwazoeza askari wa brigedi ile, ambao baadaye walipelekwa Burma. Wenyeji wa kisiwa hawakuulizwa neno. Mwaka 1943 walikabidhiwa kwa Wafaransa wa De Gaulle, na walipoasi mwaka 1947 walikufa kwa makumi ya maelfu.