Samaki wa Kafara

Ukiwa na tangi jipya nyumbani na ukaingia duka la samaki wa mapambo, utauziwa maneno kwanza, samaki baadaye. "Anza na hawa wanne, kaka. Wagumu hawa, hawafi ovyo. Maji yakishakomaa utarudi uchukue wazuri." Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikaitikia, nikalipa. Nikatoka na gapi wanne, na samaki wa dhahabu mmoja juu yake, kama nyongeza ya nyanya sokoni.

Siku ya nne wote walikuwa juu, midomo ikigusa uso wa maji, wanahema kama watu waliopanda ngazi hadi ghorofa ya kumi. Matamvua yalikuwa mekundu kama yamepakwa pilipili. Na maji? Meupe pe! Ungeweza kusoma gazeti lililoshikwa nyuma ya tangi. Nilimpigia muuzaji. "Usiogope," akasema, "ndivyo yanavyokomaa." Kufika Jumapili nilikuwa nimebaki na gapi mmoja, amejificha nyuma ya pampu.

Simwiti mwizi muuzaji yule, ingawa biashara ya kumuuzia mtu mmoja samaki mara mbili si mbaya. Alinipa alichopewa. Ugomvi wangu ni na imani yenyewe: kwamba tangi jipya lazima litolewe kafara, na kwamba samaki wa bei rahisi ndio "wanaokomaza maji".

Samaki hakomazi kitu. Anachofanya ni kutoa amonia kupitia matamvua yake, mchana na usiku, hata siku ambayo hajala. Kinyesi chake na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. Ziwani sumu hiyo hupotelea kwenye maji mengi na kuliwa na vijidudu vilivyokuwapo tangu zamani. Kwenye lita 60 sebuleni haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huzaana polepole mno. Mara nyingi huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Si siri mpya pia: Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa namna hii akiwa Zurich mwaka 1890.

Sasa sikiliza neno lenyewe, "maji kukomaa". Bakteria hao hawaishi majini ila wachache tu. Wamejishika kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe, kwenye kioo. Kinachokomaa ni sponji. Lakini kwa kuwa ulimi umezoea kusema maji, mtu huyatunza maji machafu kama dawa ya mganga asije akayaharibu, halafu sponji anaikamua chini ya bomba lenye klorini mpaka inang'aa. Ameua jeshi zima kwa mkono wake, na wiki ijayo atalaumu chakula.

Na bakteria hawaulizi amonia imetoka wapi. Kipande cha kamba kutoka soko la samaki, kikifungwa kwenye kitambaa na kuachwa kioze ndani ya tangi, kitawalisha. Kadhalika amonia ya chupa isiyo na sabuni wala manukato, ikitiwa kidogo kidogo. Harufu ya kamba itakusumbua siku kadhaa, sikatai, na wa nyumbani kwako watakuwa na la kusema. Lakini kamba yule amekwisha kufa.

Watetezi hukimbilia neno "wagumu". Ugumu maana yake nini hapa? Kwamba atakufa taratibu zaidi. Nitriti ikiingia kwenye damu ya samaki huigeuza kuwa ya kahawia, na damu hiyo haibebi oksijeni ipasavyo. Samaki anakosa pumzi ilhali pampu inatoa mapovu kando ya kichwa chake. Angekuwa kuku tungesikia kelele. Mwingine husema, "Mbona wangu hawakufa?" Hata anayepanda bodaboda bila helmeti hufika nyumbani siku nyingi.

Ushauri huu unatisha zaidi kwa mtu anayetaka samaki wa kwetu, wale jamaa za perege wa Ziwa Tanganyika ambao wazungu huwaagiza kutoka Kigoma kwa ndege. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9. Kwenye pH 7, katika maji ya uvuguvugu, haifiki hata sehemu moja kati ya 100 ya amonia iliyo katika umbo lake kali. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Uchafu ni ule ule, kipimo ni kile kile, lakini sumu imezidi mara nyingi. Mwenye kisima cha pwani, kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, naye apime maji yake kabla hajajiamini.

Wapo wanaoanza na samaki na wakawavusha salama. Hupima maji kila siku, hubadilisha hata nusu yake kipimo kikipanda, hulisha punje chache tu. Kama umekwisha kuwaweka, fanya hivyo leo, na maji mapya uyatoe klorini kwanza. Mimi hiyo naiita kuuguza. Dukani hakuna aliyeniambia nitakuwa muuguzi kwa mwezi mzima.

Gapi wangu wa mwisho aliokolewa na rafiki anayekaa Tabata, mwenye tangi la miaka. Alinikatia nusu ya sponji yake, nyeusi kama tope la mtaroni, akaitia kwenye kopo la aisikrimu pamoja na maji ya tangi lake. Kifuniko akanikataza kukikaza, kwa sababu bakteria nao wanahitaji hewa. Ndiyo maana umeme ukikatika saa nyingi, chujio huharibika kabla ya samaki. Basi nikapanda daladala nimelipakata kopo langu kwa mikono miwili, kila breki naliinua. Konda akaniangalia, akashindwa kuvumilia.

"Mzee, umebeba nini humo, mbona unakikumbatia hivyo?"

"Uchafu," nikamwambia.

Akacheka, akamsogeza abiria mmoja, nikapata kiti cha dirishani.