Farasi wa Sayyid Said na Tiketi ya Bure

Mimi ni mtu wa zege na nondo, sijifanyi mwanahistoria hata kidogo. Lakini Ijumaa moja tulikwenda Qantab, watu saba wa chama chetu, na tangu siku hiyo kuna jambo linanikereketa. Nimeona nilitoe hapa kabla ya mkutano mkuu, kwa sababu mkutanoni tukishaanza kelele hakuna anayemsikia mwenzake.

Kwa wale ambao hamjafika, Qantab ni kijiji cha wavuvi hapa hapa Muscat. Ukishapita Al Bustan unapanda mlima, halafu barabara inateremka mpaka baharini. Majabali kila upande, mashua zimepandishwa mchangani, watoto wanacheza mpira. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mmoja aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake bado ni kile cha Mji Mkongwe. Alitupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Tulipomaliza kula, mweka hazina wetu akatoa bahasha ya mchango tuliokusanya njiani. Mzee akaitazama bahasha, akatutazama sisi. "Wanangu, mmekuja kunitembelea au mmekuja mkahawani?"

Tukaona haya. Ndipo mazungumzo yakaingia kwenye zawadi: ipi ya kupokea, ipi ya kukataa. Mwenzetu mmoja akasema mambo yote duniani yanakwenda kwa zawadi, mkono mtupu haulambwi. Mzee akacheka, akauliza, "Hivi mnajua kwamba Sayyid Said alimpelekea rais wa Marekani farasi, na rais akashindwa kuwachukua?" Sisi wasomi wote kimya. Nikarudi bwenini nikaenda kusoma. Na jamani, kisa chenyewe ni kitamu.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani hapa Muscat tarehe 21 Septemba 1833. Aliyeuleta ni Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire aliyewahi kufika Unguja miaka michache kabla, akatumwa na Rais Andrew Jackson kwa meli ya kivita iliyoitwa Peacock. Wamarekani wakapata ushuru wa asilimia 5 na haki ya kuweka balozi mdogo. Richard Waters wa Salem akafika Unguja 1837 kushika kazi hiyo. Bibi yangu alikuwa akiita kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi "merikani", nami nilidhani ni jina tu. Kumbe ni kitambaa kilichofumwa kule Massachusetts, kikaletwa pwani yetu kubadilishwa na pembe za ndovu na sandarusi.

Basi Sayyid Said akajibu kwa heshima. Meli yake Sultanah iliondoka Unguja, nahodha na mjumbe wake akiwa Ahmad bin Na'aman Al Kaabi. Ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 30 Aprili 1840 ikatia nanga New York. Watu wa mji walijaa gatini kuangalia. Ilibeba tende, kahawa, karafuu, pembe na mazulia ya kuuza, na pia zawadi za Rais Martin Van Buren: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali za Kashmir, marashi ya waridi, zulia na upanga uliopambwa kwa dhahabu.

Van Buren akasema hawezi kupokea. Si kwa kiburi. Katiba yao ya 1787, ibara ya kwanza, kifungu cha tisa, inamkataza mtu yeyote mwenye madaraka serikalini kupokea zawadi, malipo au cheo kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila ruhusa ya Bunge. Sasa fikirieni. Farasi wameshavuka bahari mbili. Ukiwarudisha, umemtukana mfalme rafiki. Ukiwachukua, umevunja katiba. Walifanyaje? Suala likapelekwa Bungeni. Mwezi Julai 1840 likapita azimio kwamba zawadi ni mali ya taifa. Farasi wakauzwa, pesa ikaingia hazina. Sultanah nayo ikatengenezwa upya kwenye gati la jeshi la majini kwa gharama ya serikali, Ahmad akachorwa picha, akarudi na zawadi za kumpelekea bwana wake. Heshima ikalindwa pande zote, na hakuna mtu mmoja aliyeondoka na farasi.

Azimio hilo hilo lilihusu pia zawadi za Sultani wa Morocco. Mwaka 1839 balozi mdogo wa Marekani kule Tangier aliletewa simba dume na jike mpaka mlangoni. Maskini akajieleza kwamba sheria haimruhusu, akaambiwa basi watafunguliwa hapo hapo barabarani. Akawafungia simba chumbani kwake! Nao wakaishia kuuzwa kwa manufaa ya hazina.

Najua kuna wasomaji hapa watakaosema, "Huyu naye ameanza kuwasifu Wamarekani." Ngojeni kwanza. Kifungu hicho hicho cha tisa kinaanza kwa kulizuia Bunge lisipige marufuku uingizaji wa watumwa mpaka 1808. Thomas Jefferson, aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Ile merikani ya bibi yangu ilifumwa kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Na sisi tusijifiche nyuma ya mlango: karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa, na pembe zilibebwa pwani kwa mateso. Kwa hiyo sitafuti watakatifu mwaka 1840, si New York wala Unguja.

Hata kwenye hili la zawadi hawakuwa malaika. Mfalme Louis wa 16 alimpa Benjamin Franklin, alipokuwa akiondoka Paris 1785, kisanduku chenye picha ya mfalme iliyozungushiwa almasi. Franklin aliomba ruhusa Bungeni, akaruhusiwa kukaa nacho. Jefferson naye alipewa picha ya almasi baada ya utumishi wake Ufaransa. Yeye aliagiza almasi zing'olewe ziuzwe kimya kimya, pesa ilipie zawadi alizodaiwa kuwapa watu wa ikulu ya Ufaransa. Na yule Waters wa Unguja alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, akafanya mapatano ya karibu na Jairam Shivji, ambaye ndiye aliyeshika forodha. Mwenye kupima na mwenye kupimwa wamekaa meza moja!

Na Van Buren mwenyewe? Mwezi Aprili 1840, Sultanah ikiwa bado baharini, mbunge Charles Ogle alisimama Bungeni akamshambulia kwamba anaishi Ikulu kama mfalme. Uchaguzi ulikuwa Novemba, na Van Buren akashindwa. Mtu wa namna hiyo, adui zake wanahesabu vijiko vyake, atachukua vipi farasi na lulu? Kwa hiyo sijui kama moyo wake ulikuwa safi, na wala sihitaji kujua. Ninachokiona mimi kama mhandisi ni kwamba kulikuwa na kanuni iliyoandikwa, na kulikuwa na watu wanaoangalia. Daraja halisimami kwa sababu fundi ni mcha Mungu. Linasimama kwa sababu vipimo viliandikwa na kuna mtu alikuja kupima.

Sasa niseme langu. Kabla sijaja kusoma huku nilikuwa mhandisi wa eneo la ujenzi nyumbani, kijana, mshahara mdogo. Sikukuu ya Idd mkandarasi akaniletea mbuzi. Hakuomba kitu. Akasema, "Watoto wale." Nikachukua, maana kwetu mbuzi wa sikukuu hakataliwi. Baada ya wiki kadhaa matofali ya zege ya majaribio, yale ya siku 28, yakapasuka chini ya nguvu inayotakiwa. Nilipaswa kuandika kwamba kazi imekataliwa. Mkandarasi akaja ofisini, akakaa, akaniuliza jambo moja tu: "Mbuzi alikuwa mtamu?"

Niliandika "kipimo kirudiwe". Kikarudiwa, kikapita. Mpaka leo sijui yale matofali ya pili yalitoka kwenye zege gani. Kalvati lipo, magari yanapita, na kila masika nikisikia mvua kubwa nyumbani nampigia simu mtu fulani kuuliza kama barabara ipo salama. Hiyo ndiyo bei ya mbuzi, ndugu zangu. Ningekuwa na kanuni inayosema mbuzi akija anaandikwa daftarini na kuliwa na kambi nzima, mkandarasi angekuwa na nini cha kuniuliza?

Kanuni kama hizo kwetu zipo, tusijidharau. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi mishahara miwili, hisa kwenye makampuni na nyumba za kupangisha. Tanzania ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa ofisa wa dola kwenye shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri. Ni farasi wale wale wa Sayyid Said! Tatizo letu si karatasi, ni kwamba hakuna anayeuliza farasi wamekwenda wapi. Na hao wenye kifungu cha tisa nao wanasahau. Mwezi Mei 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipokea ndege ya Boeing 747 kutoka Qatar, itumike kumbeba rais, na ubishi mkubwa ulikuwa kama Bunge halikupaswa kuulizwa kwanza. Kanuni isiyosimamiwa inaota kutu kama nondo iliyoachwa nje.

Haya, tuje nyumbani, maana kusema viongozi wa nchi ni rahisi. Sisi hapa chamani kila likizo tunakata tiketi za ndege kwa pamoja, na wakala hutupa tiketi moja ya bure. Ni nani huipanda? Miaka yote ninayoikumbuka mimi ameipanda mtu wa kamati. Hakuna aliyeiba, sisemi hivyo. Lakini hakuna pia aliyewahi kusimama akatutangazia. Mimi nilikuwa kwenye kamati hiyo mwaka mmoja, nikanyamaza, na wakati huo huo kulikuwa na mwanachama aliyefiwa na mzazi akakosa nauli ya kwenda mazishini. Halafu tunashangaa kwa nini kila mwaka wakala ni yule yule, na bei yake haishuki.

Nimewasikia wanaosema, "Wacheni, ni kitu kidogo, na kamati inafanya kazi bure." Kazi wanafanya kweli, na nawashukuru. Lakini kama wanastahili malipo, tuwalipe kwa kura ya mkutano, kila mtu aone. Na kuhusu udogo, chama hiki ndiyo karakana yetu. Wengi wetu miaka kumi ijayo tutakaa kwenye bodi za zabuni, mahospitali na mawizara. Ambaye hakujifunza kuandika tiketi moja daftarini, hataandika farasi.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaingie kwenye katiba ya chama. La kwanza, kuwe na daftari la zawadi, na kila kitu anachopewa mwanakamati kwa sababu ya cheo chake kiandikwe humo na kisomwe mkutanoni. La pili, tiketi ya bure iwe ya chama. Mwenye msiba au ugonjwa nyumbani apewe kwanza, na kama hayupo, tupige kura ya bahati mbele ya wote.

Nilipomrudia yule mzee wa Qantab kumweleza niliyosoma, nilimwuliza: sasa mbona wewe ulikataa bahasha yetu, na mila zetu zinasema zawadi haikataliwi? Akanijibu, "Mwanangu, zawadi ya nyumba huwekwa sebuleni, kila mtu akaiona. Ukiona inapelekwa chumbani, hiyo si zawadi tena." Ile bahasha tuliinunulia mbao za kutengeneza benchi pale wavuvi wanapokaa kusuka nyavu. Wanaikalia wote, na mzee pia.

Tukutane mkutanoni. Naomba kutoa hoja.