Rada ya Mambrui, na sisi tunaosubiri boksi

Wadau, kuna hadithi nimechoka kuisikia. Eti teknolojia ya Kenya ilianza 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Kila mkutano wa madevelopa, slaidi ya kwanza ni hiyo hiyo. Mimi niko Mtito Andei, katikati ya njia ya Nairobi na Mombasa, na watu wa hapa tunajua kupitwa: basi linasimama, abiria wanakunywa chai, wanaondoka. Leo nawapeleka mahali pengine palipopitwa, Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi.

Italia iliingia vitani Juni 1940, na ndege zake zilizokuwa Somalia zilikuwa karibu sana nasi. Wajir ilipigwa mabomu mwezi huo huo. Jeshi likaweka kituo cha rada Mambrui, kuwasaidia wapiga mizinga ya kutungulia ndege. Rada! Wakati huo mataifa machache tu yalikuwa nayo, na yaliificha.

Sasa sikilizeni ilikotoka. Haikutoka London. Iliundwa Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, chini ya Basil Schonland, mtaalamu wa radi. Septemba 1939 mwanasayansi wa New Zealand, Ernest Marsden, alikuwa akirudi kwao kwa meli kutoka Uingereza akiwa na nyaraka za siri za rada. Schonland akapanda meli hiyo Cape Town, akazisoma hadi Durban. Basi. Siku chache baharini na dokumentesheni mkononi! Yeye na wenzake, akiwemo Guerino Bozzoli, wakaunda mtambo kwa vipuri walivyovipata hapo hapo. Tarehe 16 Desemba 1939 ukanasa mwangwi wa kwanza. Toleo lililofuata, JB1, ndilo lililokuja Mambrui.

Kwa wanaopenda undani: ulitumia takriban 90 MHz, palepale zinapocheza redio za FM leo. Unatuma pigo fupi la mawimbi, linagonga ndege, linarudi, unapima muda. Mambrui ilifuatilia ndege hadi kilomita 120; mwangwi kutoka huko unarudi baada ya sekunde 0.0008. Hakuna kompyuta hapo. Ni valvu, kioo na jicho la askari.

Najua kuna atakayesema hiyo ni historia ya wazungu na jeshi la kikoloni, inatuhusu nini? Nusu ya hoja naikubali. Nchi ya Schonland ilimbagua mtu mweusi, na rada ile haikuwekwa kwa ajili ya kumlinda mvuvi wa Mambrui. Lakini hata hao wakubwa hawakuletewa mtambo uliokamilika. Walisoma, wakajaribu, wakaunganisha nyaya.

Tabia hiyo ndiyo tunayoiua. Kijana wa hapa anayebadilisha soketi ya kuchaji ya simu bila mchoro wowote tunamwita fundi wa jua kali, kwa dharau. Anayenunua mfumo mzima nje na kubandika nembo yake tunamwita mbunifu, tunampa na tuzo. Treni ya SGR inapita hapa tangu 2017. Niambieni, ni mwanafunzi gani wa Makueni amewahi kufunuliwa mchoro wa mfumo wake wa ishara?

Mwaka 1941 vita vikahama, na Mambrui haikuwa na ndege za kungoja. Halafu kichekesho: Waitaliano wakarudi! Ngomeni, kaskazini kidogo tu ya hapo, wakasimamisha jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka pale Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani. Mara ya mwisho roketi kuruka pale ilikuwa 1988. Aprili 2023, Taifa-1 yetu ilirushiwa California.

Mwaka 2010 waakiolojia kutoka China na Kenya walichimbua Mambrui sarafu ya enzi ya Ming, na dunia nzima ikaandika. Vizuri. Lakini rada haihitaji koleo, inahitaji masikio. Waliokuwa na miaka 10 mwaka 1940 sasa wako katika miaka ya 90 na kitu. Wanaweza kutuonyesha mlingoti ulisimama wapi na nani alibeba mizigo. Mwenye simu inayorekodi na nauli ya Malindi asingoje ruzuku, aende mwezi huu.