Gari Jipya Nyumbani: Mafuta Gani, na Yabadilishwe Lini?



Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka Kaptembwo, mjini Nakuru, ambako baadhi ya jamaa zetu wa pwani wamefanya maskani. Dada yetu huyo na mumewe wameagiza gari dogo kutoka Japani kwa akiba ya miaka minne. Litateremshwa Mombasa mwezi ujao. Jirani amemwambia atie mafuta mazito ya injini kwa kuwa nchi yetu ni ya joto. Fundi naye amesema mafuta yaliyomo yatafaa, asubiri hadi atimize kilomita 5,000. Auliza: amfuate nani?

Jibu letu ni kwamba asimfuate hata mmoja wao. Uzito wa mafuta huamuliwa na kitabu cha gari, na mafuta yaliyomo yafaa kumwagwa kabla gari halijaanza safari ya bara.

Kwanza tulitazame neno hili "jipya". Sheria ya Kenya yaruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwetu sisi ni jipya, lakini injini yake imefanya kazi miaka mingi mikononi mwa mtu tusiyemjua. Tena gari hilo limekaa mnadani, likakaa bandarini, likavuka bahari, kisha likangoja kutolewa Mombasa. Mafuta ya injini huchakaa kwa mwendo, na huchakaa pia kwa kukaa, kwani hushika unyevu na asidi. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kusafirishwa hutazama iwapo lafaa kwenda barabarani; si kazi yake kukubadilishia mafuta.

Wakati mwingine utakuta karatasi ndogo iliyobandikwa mlangoni au chini ya boneti, ikionyesha mafuta yalibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Usibabaishwe na tarehe ya Kijapani. Herufi R ni enzi ya Reiwa: ongeza 2018 kwenye nambari ifuatayo, basi R4 ni mwaka 2022. Herufi H ni enzi ya Heisei: ongeza 1988, hivyo H30 ni mwaka 2018. Ulinganishe kilomita zilizoandikwa hapo na zile za kwenye dashibodi. Ikiwa za karatasi ni nyingi kuliko za dashibodi, jihadhari, huenda mita imerudishwa nyuma. Karatasi isipokuwepo, yahesabu mafuta hayo kuwa yamekwisha muda wake.

Na safari yenyewe si fupi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na hadi Nakuru ni nyingine 160. Gari latoka usawa wa bahari, lapanda Limuru kupita mita 2,000, lateremka Bonde la Ufa, kisha lafika Nakuru iliyo karibu mita 1,850. Si haki kuipandisha injini mlima huo kwa mafuta usiyoyajua. Basi yabadilishwe Mombasa, pamoja na chujio lake, kwa maana chujio kuukuu huyachafua mafuta mapya. Ikiwa yaliyotoka yalikuwa meusi na mazito kama uji, yabadilishwe tena baada ya kilomita 2,000 au 3,000 hivi, kwa kuwa mafuta mapya husafisha masizi ya zamani na kuyabeba.

Ama aliyejaliwa kununua gari la sifuri kilomita, hukumu yake ni nyingine. Afuate ratiba ya kitabu. Watengenezaji wengine, Honda wakiwemo, hushauri mafuta ya kiwandani yasimwagwe mapema, bali yakae hadi wakati wake. Gari hilo lisikimbizwe sana wala kupakiwa mizigo mizito siku za mwanzo, na kila huduma iandikwe na kupigwa muhuri, maana bila hivyo dhamana yaweza kukataliwa.

Sasa tuje kwenye uzito. Kwenye chupa utaona maandishi kama 5W-30. Nambari ya kwanza, yenye W, yaeleza wepesi wa mafuta injini ikiwa baridi. Ya pili yaeleza uzito wake injini ikishapata moto. Dhana ya jirani kwamba joto la nchi ladai 20W-50 ina ukweli mdogo tu. Injini ina kifaa kiitwacho themostati, na kazi yake ni kuliweka joto lake karibu mahali pamoja, iwe Mombasa adhuhuri au Nakuru alfajiri. Magari mengi madogo ya Japani ya miaka hii yametengenezewa 0W-20 au 5W-30, na njia za mafuta ndani yake ni nyembamba. Ukitia mazito, asubuhi yatachelewa kufika juu ya injini, vyuma vitasagana, na petroli itatumika zaidi. Vitabu vingine vina jedwali linaloruhusu mafuta mazito zaidi mahali pa joto. Kama chako kinalo, lifuate. Na ikiwa kitabu ni cha Kijapani, mara nyingi nambari hizo zimeandikwa kwa herufi tuzijuazo, au kwenye kifuniko cha kutilia mafuta.

Tazama pia herufi za API. Kwa gari la petroli zaanza na S. Daraja la SP lilianza mwaka 2020, nalo laweza kutumika mahali pa SN iliyotangulia. Gari la dizeli lina madaraja yake yanayoanza na C, msichanganye.

Baada ya hapo, yabadilishwe lini? Vitabu vingi hutaja vipindi viwili, cha kawaida na kifupi cha matumizi magumu. Wengi hudhani matumizi magumu ni ya malori. La hasha! Kupeleka watoto shule, kupita sokoni na kurudi nyumbani, kwa safari za dakika kumi katika vumbi na misururu ya magari, ndiyo matumizi magumu. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Kwa maisha ya Kaptembwo, kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, ni kipimo cha salama. Kati ya hapo, pima kila juma, gari likiwa mahali sawa na injini imezimwa dakika chache. Mafuta yawe baina ya alama mbili za kijiti. Kuzidi ni dhara kama kupungua.

Dada zangu, msione haya mbele ya fundi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nunueni mafuta wenyewe kwa muuzaji anayejulikana, kwani bidhaa bandia zipo sokoni. Hakikisheni kifuniko hakijafunguliwa, simameni hadi fundi amalize, na muandike tarehe na kilomita kwenye daftari. Chupa tupu itobolewe, isije ikajazwa uchafu na kuuziwa mwingine.

Na mafuta machafu yasimwagwe mtaroni. Ziwa Nakuru, lililotambuliwa mwaka 1990 kuwa eneo la Ramsar la kwanza nchini Kenya, halina mto unaotoka. Kinachoingia hubaki humo. Yarudisheni kwenye chupa, mkayapeleke gereji au kituo cha petroli kinachoyakusanya. Jirani ana haki juu yetu, hata yule tusiyemwona.

Akiba ya miaka minne ni jasho la watu wawili na haki ya watoto wao. Bei ya chupa moja ya mafuta na chujio ni ndogo mno mbele ya bei ya injini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mola awajaalie safari njema. Tukutane juma lijalo, inshaallah.